Kati ya Kunukia na Kunuka

Boksi lilishuka kwenye basi la Jumanne, Kinyanambo,
limefungwa kamba ya katani kama kuku wa mahari.
Nilikata gundi kwa kisu cha karatasi.
Ndani, povu jeupe linalolia likikwaruzwa,
kifuko cha chumvi isiyolika,
na ile harufu.

Kila kipya kina yake: kiatu cha shule,
bati kabla halijanyeshewa,
mtoto mchanga utosini.
Kompyuta nayo ilinukia plastiki, vanishi,
na risasi iliyoyeyushwa na mtu nisiyemjua
katika mji nisioujua.

Fundi Kikoti akaniandikia: Usihofu.
Mashine ikipata joto mara ya kwanza
hutoka jasho la kiwandani.
Fungua dirisha. Wiki haiishi, itakuwa imekwisha.
Ikizidi badala ya kupungua, nipigie.

Nikafungua. Baridi ya Juni ikaingia bila hodi,
pamoja na paina mbichi, utomvu, vumbi la msumeno.
Hiyo siihesabu. Mafinga tunazaliwa ndani yake.

Baba alikuwa mtu wa msumeno miaka ishirini na sita.
Hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na pua.
Aliweza kusimama katikati ya ugali:
"Beringi ya pili inalalamika,"
na kweli, kule ng'ambo ya ua,
chuma kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.
Sikio hudanganywa na kelele, alisema,
jicho na vumbi.

Siku ya pili, plastiki.
Ya tatu, plastiki kwa mbali.
Ya nne nilichapa vyeti vya ubatizo arobaini na viwili,
barua ya kuomba kibali cha kuvuna miti,
wasifu wa kijana anayetaka kuendesha roli.
Ya tano, samaki.

Sikushtuka. Jirani yangu Mtweve
anauza dagaa wa Ziwa Nyasa;
ukuta wetu ni wa mbao, na mbao hazitunzi siri.
Nikachapa. Nikamlaumu kimoyomoyo.

Ya sita, samaki tena, sasa mwenye ncha,
samaki aliyekaangwa pamoja na mswaki.
Nikagonga ukuta:
"Mtweve, hao dagaa wako wamechacha!"
Kimya.
Nikagonga tena, ndipo nikakumbuka
leo Jumapili, Mtweve yuko kanisani anaimba besi,
duka lake limefungwa tangu jana jioni.

Sikuizima kwa adabu. Sikungoja iniage.
Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa,
na plagi ilikuwa ya moto
kama kiazi cha jivuni.
Kurasa tisa za mtu sikuwa nimezihifadhi.
Ziende.

Jumatatu Kikoti alifungua kile kisanduku cha umeme
kinachokaa mgongoni mwa mashine.
Waya mmoja, ngozi imekuwa kahawia.
Kapasita imevimba kichwa kama uyoga wa Machi.
"Hii," akasema, "hunuka samaki kabla ya kunuka moto.
Ungengoja moto, ungengoja peke yako,
wewe na huo ukuta wa mbao."

Kunukia, kunuka.
Lugha yetu imeweka herufi moja tu katikati,
nyembamba kama waya,
na nilikuwa siku mbili nzima
nimekaa juu yake nikichapa.

Kile kipande kilichoungua nilimpelekea baba.
Vumbi la mbao lilishamla pua;
siku hizi chai na maji ya moto kwake ni kitu kimoja.
Alikiweka puani muda mrefu, macho kafumba,
akakigeuza, akajaribu upande wa pili.

"Kinanukaje?" akauliza.

Nikavuta kigoda,
nikaanza na kamba ya katani.